Waonjeshwe Mavuno, Si Miti

Mgeni anayepelekwa Kizimbani, Kidichi au Dole, kisiwani Unguja, kuangalia viungo huonjeshwa karibu kila kitu isipokuwa kile anachouziwa. Huchumiwa jani la mdalasini akalifikicha na kulinusa. Huchimbuliwa mzizi wa mti huohuo, akashangaa kwamba mzizi unanukia kafuri wakati gome linanukia keki. Hupasuliwa kungumanga mbichi, akaonyeshwa basbasi nyekundu iliyoikumbatia kokwa. Hupakwa zingefuri mdomoni, huimbiwa na kijana aliyekwea mnazi, na huondoka na kofia ya makuti kichwani. Mwisho wa yote hufikishwa kwenye meza ya vipakti vya plastiki, vyote vya bei moja, visivyo na jina la kijiji, jina la mkulima, wala mwezi na mwaka wa kuvunwa. Aliyekuwa akinusa na kuuliza kwa saa mbili sasa anaambiwa achague kwa macho. Akinunua, ananunua kumbukumbu ya safari, kama vile angenunua shanga. Asiponunua hakosi kitu, kwa sababu kipakti hichohicho atakikuta sokoni Darajani, atakikuta bustanini Forodhani, na pengine atakikuta uwanja wa ndege.

Ninachodai ni kwamba biashara hii imejengwa kwenye kitu kisicho na faida kubwa kwa mkulima, nacho ni mti, na imekiacha chenye faida, nacho ni mavuno. Mti haubadiliki. Mdalasini ulioonyeshwa mwaka jana ndio utakaoonyeshwa mwaka huu na mwakani, na anayeuona mara moja hana haja ya kurudi. Mavuno kila msimu ni mapya. Yana mwaka mzuri na mwaka mbaya, yana shamba lililotangulia na shamba lililosalia nyuma, yana mkono uliokausha vizuri na mkono uliolipua kazi. Kitu chenye tofauti kinaweza kulinganishwa, kinacholinganishwa kinaweza kuchaguliwa, na mtu akishachagua huwa tayari kulipia alichokichagua. Mkulima wa Unguja hajawahi kupewa nafasi ya kuwekwa kwenye mizani hiyo.

Wenye mashamba madogo ya mizabibu duniani walilijua hili zamani. Stellenbosch kule Afrika Kusini, au katika vijiji vya Ufaransa na Italia, mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo hufungua milango yake pale chupa za msimu mpya zinapokuwa tayari. Wageni humiminiwa kidogo cha mwaka huu na kidogo cha mwaka uliopita, huambiwa mvua ilikuwaje na zabibu zilichumwa lini, kisha huondoka na kasha zima badala ya chupa moja. Tanzania Bara nako kuna zabibu, Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zanzibar mvinyo si mila yetu, wala sipendekezi uwe. Kinachofaa kuazimwa ni utaratibu wenyewe: mlango wa shamba ufunguliwe kwa sababu mavuno mapya yametoka, mgeni aonje kwa kulinganisha, na anayemmiminia awe yule yule aliyelima. Nasi hatuhitaji kwenda mbali kuuona ukifanya kazi. Moshi, kabla ya mnada wa kahawa, Bodi ya Kahawa Tanzania ina waonjaji wanaopitisha ulimi kwenye sampuli za kila fungu, na ulimi huo ndio unaoelekeza bei. Mkulima wa Kilimanjaro ana malalamiko yake mengi kuhusu kahawa, lakini hawezi kusema kwamba hakuna aliyewahi kuionja.

Atakayeuliza kama kwenye viungo kuna tofauti ya kuonjeka namkaribisha kwenye mdalasini. Unaolimwa Unguja ni mdalasini wa jamii ya Ceylon. Gome lake ni jembamba, hujikunja tabaka kwa tabaka mpaka likajaa ndani, na ukilibana kwa vidole linabomoka. Ule mwingine uliojaa masoko ya dunia, unaotoka China, Indonesia na Vietnam, una gome nene na gumu lililojikunja mara moja tu, huku katikati pakiwa na uwazi, na ladha yake ni kali na ya moja kwa moja. Weka vijiti viwili hivyo kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, subiri dakika tano, na hata mtoto ataonja tofauti. Au chukua karafuu. Iliyochumwa kwa wakati wake, kabla ua halijafunguka, ikachambuliwa makonyo siku ileile na kuanikwa kwenye majamvi kwenye jua lisilokatika, hutoka na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kichwa chake kimebaki, na ukiikata inalia. Ibane kwa ukucha, mafuta yatatoka. Iliyorundikwa usiku kucha ikapata joto, au iliyonyeshewa ikaanikwa upya, hupauka na kukunjamana. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, kwa hiyo aliyekosea jamvini amepoteza kazi ya siku nyingi za kukwea. Vanila ndiyo yenye hadithi ndefu kuliko zote. Ua hufunguka asubuhi ya siku moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa na kijana mtumwa, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841. Kisha tunda hukaa kwenye mmea kama miezi tisa, na baada ya kuchumwa huhitaji miezi mingine ya kuvundikwa na kukaushwa taratibu. Katika hatua hizo zote kuna mahali pa kuharibu na mahali pa kung'ara. Kuuza vanila ya aina hiyo kwenye kipakti kisicho na tarehe ni kuitupa kazi hiyo yote.

Historia ya kisiwa inaeleza kwa nini tumefika hapa. Karafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na Mtoni na Kizimbani ni miongoni mwa mahali ilipopandwa kwanza. Sultani Seyyid Said wa Oman alipohamishia makao yake hapa aliwaamrisha wenye ardhi kupanda mikarafuu, na kilichofuata kilikuwa biashara ya wingi, iliyokwea migongo ya watumwa. Kilichotakiwa ni magunia kufika bandarini. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayobeba karafuu za Zanzibar, wakati Unguja ilibaki na mashamba mchanganyiko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968 na kuwa mnunuzi pekee wa karafuu. Katika mfumo huo karafuu hupangwa madaraja, na kupanga madaraja ni aina ya kuonja. Lakini ikishaingia kwenye daraja karafuu hupoteza kwao. Ya Mkoani na ya Micheweni, kule Pemba, huwa gunia moja. Mfumo ulikuwa na mantiki yake pale Zanzibar ilipokuwa ikiuzia dunia karafuu nyingi kuliko nchi yoyote. Leo Indonesia inazalisha na kutumia kiasi ambacho hatuwezi kukikaribia, na kushindana nayo kwa wingi ni kujichosha.

Unguja basi ilijitafutia njia nyingine, ikageuza mashamba yake mchanganyiko kuwa mahali pa kutembeza wageni. Ulikuwa ubunifu wa kweli na haustahili kubezwa. Umewapa vijana wengi riziki na umewafanya watu waitunze miti ambayo pengine ingekatwa kuni. Na wageni wapo: kwa takwimu za Serikali, Zanzibar ilipokea zaidi ya laki sita mwaka 2023 na zaidi ya laki saba mwaka 2024. Lakini angalia fedha inavyotembea. Bei ya ziara hulipwa mjini, kwa hoteli, kwa wakala au kwa papasi wa barabarani, kabla gari halijafika Bububu. Shambani hufika mgawo waliokubaliana, bakshishi, na kile kitakachonunuliwa mezani. Mgawo haumo mikononi mwa mkulima, na bakshishi ni ya yule aliyekwea mnazi. Kilichobaki kuwa chake ni meza, na meza ndiyo iliyoachwa bila akili yoyote.

Tena meza yenyewe haisemi kweli, na hapa lazima tuambiane. Zafarani haioti Unguja wala Pemba. Ni ua la nchi zenye majira ya baridi, na sehemu kubwa yake duniani hutoka Iran. Lakini kipakti kilichoandikwa zafarani hukikosi, kwa bei ambayo muuza zafarani wa Muscat angeicheka. Uzile, ambao bila yake pilau si pilau, huagizwa kutoka nje, na giligilani kavu vivyo hivyo. Hiliki nyingi na pilipili manga nyingi huvuka bahari kutoka Muheza na Morogoro. Muheza hawana kosa lolote. Hiliki ya milima ya Amani ni ya kujivunia, na ingestahili kuuzwa kwa jina lake. Kosa liko kwenye kumchukulia mkulima wa Muheza jina lake na mkulima wa Dole soko lake, kwa kipakti kimoja kilichoandikwa "Zanzibar Spices". Ukimwonjesha mtu mavuno mbele ya mti wake, pilipili ya mtambaa huu hapa iliyochumwa mwezi uliopita, udanganyifu huo unakuwa mgumu. Hauondoki, maana werevu hawaishi mjini, lakini unapata gharama.

Wapo watakaosema kwamba mtalii hajali. Amekuja kwa bahari ya Nungwi na Paje, shamba ni la nusu siku, anataka picha na kofia yake ya makuti. Kwa wengi hilo ni kweli. Wanaokwenda kuonja mvinyo nao wengi wamefuata mandhari na chakula cha mchana, na bado hurudi na chupa, kwa sababu mtu aliyeonja vitu vitatu mfululizo huwa ameshakuwa na kipenzi chake hata kama hakukusudia. Kujali huzaliwa pale pale mezani. Na wachache wanaojali tangu mwanzo, wapishi na watu wa migahawa na wenye maduka ya vyakula kule Ulaya na Ghuba, ndio wanaoweza kuagiza tena baada ya kurudi kwao. Huwezi kuagiza tena kitu kisicho na jina. Utaandika nini kwenye barua? "Nitumieni ile pilipili"?

Pingamizi zito zaidi ni la wingi. Shamba la eka tatu lenye mdalasini kidogo, mitambaa michache ya pilipili na mikungumanga miwili litauza nini baada ya siku moja ya wageni? Lakini uchache ni kasoro kwa anayeuza kwa makontena. Kwa anayeuza mlangoni kwake ni sifa, na ndiyo sababu wenye viwanda vidogo vya mvinyo huuza mlangoni. Mfano wa pilipili unatosha. Penja ni eneo dogo la Cameroon lenye udongo wa volkano. Mwaka 2013 pilipili yake ilisajiliwa na shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika, nyingi zinazotumia Kifaransa, OAPI, kuwa bidhaa yenye alama ya kijiografia, yaani hakuna wa nje ya eneo hilo anayeruhusiwa kutumia jina hilo. Bei ya mkulima ilipanda zaidi ya maradufu, na watu wakarudi kupanda. Kampot, nchini Cambodia, kilimo cha pilipili kilikuwa kimekaribia kufa baada ya utawala wa Khmer Rouge. Alama ya kijiografia ilipatikana mwaka 2010, Umoja wa Ulaya ukaitambua mwaka 2016, na leo wapishi wa Ulaya wanaitaja kwa jina. Sri Lanka nayo, ambayo ndiyo yenye mdalasini kama wetu, ilipata kinga hiyo Ulaya kwa mdalasini wa Ceylon mwaka 2022. Penja na Kampot hazikushinda kwa wingi.

Zanzibar haijakosa sheria. Tunayo Sheria ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008, na inatambua alama za kijiografia. Lakini cheti peke yake hakiuzi. Alama ya kijiografia inahitaji kwanza watu waliokubaliana ladha yao ni ipi, ili aliye chini ya kiwango aambiwe, na makubaliano hayo hayapatikani kwenye semina za hotelini. Hupatikana kwa kukaa na kuonja, wakulima wenyewe kwa wenyewe, sahani ya Dole karibu na ya Kizimbani karibu na ya Kinyasini, na kubishana. Anayeanza na nembo kabla ya ulimi amejenga kuanzia paa.

Kuhusu karafuu yenyewe najua jibu litakuwa sheria. Mkulima haruhusiwi kuiuza apendapo. Mnunuzi ni ZSTC, na anayevusha kwenda Mombasa ni mfanya magendo. Mimi si katika wanaotaka mfumo huo uvunjwe kesho. Mwaka 2011 Serikali iliahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000, bei ambayo ilipunguza magendo kuliko doria yoyote. Wanaosema soko huria lingempa zaidi wawaulize wakulima wa mazao mengine jinsi madalali wanavyowatendea. Lakini ukiritimba wa kununua haulazimishi ukiritimba wa majina. Shirika linapopokea karafuu kituoni linajua imetoka shehia gani, nani kaileta na siku gani. Kutenga magunia machache ya daraja la juu kila msimu, kuyapa jina la kijiji na mwaka, na kuyaonjesha hadharani Mji Mkongwe msimu unapofunguka, hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji daftari litunzwe vizuri na mtu mmoja mwenye pua. Na viungo vingine vyote, mdalasini, pilipili manga, kungumanga, vanila, manjano, havimo kwenye ukiritimba huo. Kwa hivyo sheria ya karafuu haiwezi kuwa kisingizio cha kukaa kimya juu ya mdalasini.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mkulima mwenyewe: msimu ukiwa mbaya, si tutajianika? Ndiyo, mtajianika. Mwaka ambao mvua zimekatiza jua, pilipili itakuwa na ladha ya ukungu na mgeni ataisikia. Lakini leo mwaka mzuri pia haumlipi mkulima kitu, kwa sababu kipakti cha mwaka mzuri na cha mwaka mbaya ni bei moja. Aliyekausha kwa siku sita kwenye majamvi, akizoa kila wingu linapotokea, anapata sawa na aliyemwaga zake kwenye lami ya barabara zikapitiwa na vumbi la daladala. Miaka nenda rudi wakulima wanahimizwa waache kuanika barabarani, na miaka nenda rudi wengine wanaendelea. Sioni ajabu. Mahubiri hayajawahi kushinda hesabu, na hesabu ya kipakti inasema usijisumbue. Meza ya kuonja ingebadilisha hesabu. Katika kazi hizi za kuchambua na kuanika wengi ni wanawake, ambao kwenye ziara za sasa hawaonekani kabisa, kwa sababu hakuna onyesho la kuchambua. Siku ya mavuno wao ndio wangekuwa na la kusema.

Utaratibu wenyewe si mkubwa. Kizimbani kuna chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa kilimo papo hapo, vyenye vipimo vya unyevu na wataalamu wa kuwafundisha vijana namna ya kuonjesha: maji ya moto kwa mdalasini, maziwa kwa kungumanga, wali mweupe usiotiwa kitu kwa pilipili manga, maana ulimi mkavu haumudu pilipili tatu. Kahawa ya dele iliyotiwa hiliki ya msimu huu na nyingine ya msimu uliopita, katika vikombe viwili visivyo na alama, inatosha kuanzisha mabishano hadi adhuhuri. Vipakti viwe vya karatasi, viandikwe kijiji, mwezi na mwaka, na kile kilichotoka Muheza kiandikwe Muheza. Kijana wa mnazi abaki, kwani anachekesha na kofia zake ni nzuri.

Ila siku ya kwanza wasiitwe watalii. Waitwe watu wa Mji Mkongwe, wa Malindi na Shangani na Ng'ambo, na hasa wale kina mama wanaopika biriani za harusi za watu mia tatu, ambao wakinusa kiganja cha viungo wanakuambia ni vya lini. Hao hawatapiga makofi kwa adabu. Wakikataa kulipa shilingi moja ya ziada kwa pilipili ya Dole kuliko ya dukani kwao, mkulima atakuwa amejua kasoro yake kabla hajachapisha nembo, na atakuwa na msimu mzima wa kuirekebisha. Na wakilipa, bei ya kumtajia mgeni wa Berlin itakuwa imeshapangwa na wanaojua.